Kiti cha Karibu

Tangu niache kwenda kanisani, mama huniuliza swali lilelile: kama humwogopi Mungu, nini kitakuzuia kuwa mtu mbaya? Sina jibu la haraka. Nina basi moja tu.

Desemba 2015, magaidi wa al-Shabaab walivamia basi lililokuwa likielekea Mandera. Wakaamuru Waislamu wajitenge na Wakristo. Waislamu wakakataa: kama ni kuuawa, wauawe wote. Wanawake waliwapa wenzao hijabu wajifunike. Mwalimu Salah Farah, Mwislamu, alipigwa risasi. Alifariki Januari 2016.

Nilitaka kumwambia mama: si unaona, utu unatosha! Lakini huo ungekuwa wizi. Salah alikuwa mtu wa dini. Na waliompiga risasi walidai dini hiyohiyo. Kwa hivyo kuamini peke yake hakujibu swali la mama, na kutoamini kwangu pia hakujibu.

Siku hizi najiuliza swali lingine, na hili halijali kama nasali ama sisali: mtu wa kiti cha karibu akiitwa ashuke, mimi nitaangalia dirishani?