Bunduki Rahisi

Katika lugha yetu neno rahisi lina maana mbili. Kitu ni rahisi kikiwa bei yake ni ndogo, na kazi ni rahisi ikiwa haina taabu. Mwenye duka husema kwamba sukari imekuwa rahisi, na mwanafunzi husema kwamba hesabu ilikuwa rahisi, wala hapana mtu achanganyikiwaye. Nilikuwa sijapata kulifikiri neno hili mpaka nilipopokea barua kutoka kwa mpwa wangu, aishiye katika jimbo la Texas, Marekani.

Mpwa wangu ni dereva wa malori makubwa. Hutoka nyumbani Jumatatu, na aghalabu hurudi Ijumaa. Nyuma hubaki mkewe na mtoto wao wa kiume mwenye umri wa miaka minane. Mwezi mmoja kabla ya barua ile, wezi walivunja mlango wa jirani yake usiku, na watu wamo ndani. Basi aliniandikia: “Mjomba, nataka kununua bunduki, lakini fedha zangu ni chache. Wewe ni mwalimu, umezoea kupima mambo. Nitazamie hizi tatu, uniambie ipi iliyo bora.” Msomaji asishangae. Katika nchi ile haki ya raia ya kuwa na silaha imo ndani ya Katiba tangu mwaka 1791, na mtu mzima asiye na hatia huweza kuchagua bunduki dukani kama sisi tuchaguavyo baiskeli. Kwetu Kenya sheria humwadhibu kwa ukali mkubwa raia apatikanaye na bunduki ya namna hiyo bila kibali.

Bunduki zote tatu zilikuwa za mfano wa Kalashnikov: moja imetengenezwa Romania, moja Serbia, na moja Marekani kwenyewe, na bei ya kila moja ilikuwa karibu na dola 1,000. Hizi wauziwazo raia hazimimini risasi mfululizo kama zile za askari. Kila kifyatuo hutoa risasi moja. Mpwa wangu alikuwa amepiga mistari akafanya jedwali, na lazima nikiri kwamba jedwali lile lilinipendeza. Aliandika kuwa mwili wa bunduki ya Serbia umekunjwa kwa bati lenye unene wa milimita 1.5, ambapo ule wa Romania ni milimita 1, na kwa hiyo ya Serbia ni imara zaidi lakini ni nzito begani. Aliuliza kama mtutu umepakwa kromu kwa ndani, maana kromu huzuia kutu. Zaidi ya yote alihangaikia kipande kidogo cha chuma kinachoushika mtutu na kuipokea nguvu ya mlipuko. Katika bunduki njema kipande hiki hufuliwa. Katika bunduki za kupunguza gharama aghalabu husubiwa, yaani chuma huyeyushwa kikamiminwa katika kalibu. Chuma cha kusubu kikiwa kibovu hupasuka au hulegea baada ya risasi elfu chache, na hapo mwenye bunduki huwa yu hatarini kuliko adui yake. Laiti wanafunzi wangu wangepima hoja zao kwa uangalifu kama ule!

Walakini niliposoma mara ya pili niliona kwamba sifa zote zilizoandikwa katika jedwali lile zilikuwa sifa za chuma. Ubora wa kitu hujulikana kwa kazi yake. Jembe bora ni lile lilimalo vizuri, na kisu bora ni kile kikatacho. Bunduki bora ni ipi? Ni ile isiyokataa kupiga. Tukiishia hapo, bunduki iliyo bora mkononi mwa baba ni bora vile vile mkononi mwa mwizi, na mkononi mwa mtoto wa miaka minane.

Mtu aliyeibuni bunduki hii, Mikhail Kalashnikov, alikuwa sajini wa vifaru katika jeshi la Urusi ya Kisovieti. Alijeruhiwa vitani mwaka 1941, na akiwa hospitalini aliwasikia askari wenzake wakilalamika juu ya silaha zao. Akakusudia kutengeneza bunduki ambayo askari aliyefunzwa kwa haraka ataweza kuitumia. Isiyozuiwa na matope, mchanga wala baridi. Yenye vipande vichache viwezavyo kufunguliwa na kurudishwa bila ya elimu kubwa. Jeshi la nchi yake liliipokea mwaka 1949. Urahisi, basi, haukuwa bahati, ndio uliotafutwa. Na kwa kuwa ilikuwa rahisi kuitumia na rahisi kuitengeneza, viwanda vya nchi nyingi viliiga mfano wake mpaka ikawa rahisi kwa bei pia. Maana zile mbili za neno letu zikakutana katika chombo kimoja. Mwaka 2012, akiwa mzee wa miaka zaidi ya 90, Kalashnikov alimwandikia mkuu wa Kanisa la Kiorthodoksi la Urusi barua ya majonzi, akiuliza kama yeye ana lawama kwa roho zilizotolewa na bunduki yake, ingawa aliifanya kwa ajili ya kuilinda nchi. Alikufa mwaka uliofuata.

Mimi niliiona bunduki hiyo kwa karibu nilipokuwa nikifundisha shule moja ya upande wa kaskazini wa Bonde la Ufa, kabla sijahamia chuo cha ualimu. Mwaka 1979 utawala wa Idi Amin ulipoanguka Uganda, ghala ya silaha ya kambi ya Moroto iliachwa wazi, watu wakachukua bunduki, na silaha za vita zikazidi kuenea kwa wafugaji wa pande zote za mpaka. Mzee mmoja jirani ya shule alinieleza tofauti. Wizi wa ng’ombe, alisema, ulikuwako tangu zamani, nami sitaki kuipamba zamani hiyo. Lakini kijana wa mkuki alihitaji miaka ya kufundishwa, alihitaji wenzake, na alihitaji baraka za wazee kabla ya kutoka. Yote hayo yalikuwa taabu, na katika kila taabu palikuwa na mtu awezaye kusema hapana. “Huyu wa sasa,” alisema, akimwonyesha mvulana apitaye na ng’ombe, bunduki begani, “hanihitaji.” Mvulana yule alikuwa umri wa wanafunzi wangu wa kidato cha pili.

Nilipoyaeleza haya darasani, mwanafunzi mmoja alinipinga. Alisema kwamba Rwanda mwaka 1994 watu wengi mno waliuawa kwa mapanga, na panga si rahisi kutumia wala halikubuniwa kwa vita. Kwa hiyo kosa ni la moyo, si la chombo. Sikuwa na jibu siku ile. Baadaye nilifikiri kwamba Rwanda pia palikuwa na kitu kilichoifanya kazi ile kuwa rahisi. Redio ilitangaza siku baada ya siku kwamba jirani ni mende. Wakuu walitoa amri, na vizuizi viliwekwa barabarani. Chuma si njia pekee ya kurahisisha kuua. Lakini hoja yake naiheshimu, na sidhani kwamba nimeimaliza.

Wala sikuweza kumwambia mpwa wangu kwamba hofu yake ni ya upuuzi. Mwalimu alalaye nyuma ya ukuta wa chuo chenye askari mlangoni hana haki ya kumcheka mtu ambaye mkewe hulala peke yake. Hata yule mvulana wa ng’ombe, baba yake aliniambia kwamba jirani zake wote wanazo, na mtu asiye nayo huwafugia wengine. Nilikosa la kumjibu yeye pia.

Nilichofanya ni kulirudisha jedwali nikiwa nimeongeza safu moja. Juu yake niliandika: “Nani nyumbani aweza kusema hapana?” Nikaeleza kwamba bunduki zote tatu zinapiga risasi ile ile, nami sikuona cha kuchagua mpaka safu hii ijazwe, kwa maana yeye atakuwa barabarani siku nne katika kila wiki, na bunduki itabaki.

Majibu yalifika baada ya wiki tatu. Safu ile alikuwa ameijaza jina moja tu, la mkewe. Chini yake aliandika kwamba amekwisha kumwuliza, na mkewe amesema hapana, naye sasa anauliza bei za milango ya chuma.