Ajinyimaye na Anyimwaye

Je, ajinyimaye na anyimwaye wana fadhila moja? Hapa Dodoma nilijiapiza mwezi mzima nisinunue kitu ila unga. Nikajiona zahidi! Kumbe Ugogo, nchi ya msimu mmoja wa mvua, mlenda hukaushwa juani ukawa akiba, na uwele hupimwa kwa hadhari. Huko husimuliwa Mtunya, njaa ya 1917 hadi 1920: majeshi yalichukua nafaka na ng'ombe, kisha mvua ikakosekana. Saumu ile haikuwa na magharibi. Yangu ningeivunja nitakapo. Tena mama aniuziaye mlenda sokoni Majengo aliniuliza, "Mwanangu, nimekukosea nini?" Fedha niliyojisifu kuiweka ndiyo iliyokuwa ikimnunulia chumvi. Nikanunua vipimo viwili.