NDUGU YAKO NI NANI?
Maneno juu ya ndoa kati ya watu wa jamaa moja



Vijana wakija kwa wazee kutangaza uchumba, swali la kwanza si juu ya mahari wala kazi. Wazee huuliza: "Mmekwisha uliza nyumbani kama ninyi si ndugu?" Vijana wengine hucheka. Hapa Himbi, na katika Goma yote, si neno la kuchekesha. Mji huu umejaa watu ambao wazazi wao walitengana njiani: mwaka 1994, mwaka 1996, mwaka 2002 wakati Nyiragongo ilipoteketeza nyumba, tena 2008, tena 2012, tena 2025. Mmoja amelelewa hapa karibu na ziwa, mwingine Rutshuru, mwingine Gisenyi, mwingine Kampala. Wanakutana shuleni au kwenye mazoezi ya nyimbo, wanapendana. Siku jamaa mbili zinapoketi kupokeana, mzee mmoja anauliza jina la tate wa binti, na watu wote wananyamaza.

Tuseme basi ni hivi: mama ya kijana na baba ya binti walitoka tumbo moja. Vijana hawa hawakujua. Binti ana mimba ya miezi mitatu. Tuwaambie nini?

Wengi watasema haraka: "Sheria inakataza." Ni sheria gani? Kitabu cha sheria za jamaa cha nchi yetu, kile cha tarehe 1 Agosti 1987 kilichorekebishwa tarehe 15 Julai 2016, kinakataza kabisa ndoa kati ya mzazi na mtoto, au tate na mjukuu, kwenda juu na kwenda chini. Kinakataza tena kaka na dada, hata wakiwa wa baba mmoja tu au wa mama mmoja tu. Kisha juu ya jamaa wengine na wakwe, kinasema wasioane ikiwa desturi inakataza. Basi! Leta imewarudishia wazee mzigo huo. Mjomba na mpwa wake, mtoto wa shangazi na mtoto wa mjomba, kitabu hakiwataji. Kinauliza: desturi yenu inasema nini?

Katika kijiji cha zamani swali hilo lilikuwa na jibu moja. Katika kartie yetu lina majibu mengi. Mnande, Muhunde, Mushi, Murega, mwenye kusema Kinyarwanda, mwenye kutoka Kasai, wote wanachota maji kwenye bomba moja na watoto wao wanaoana. Kijana wetu ana desturi ya baba yake, binti ana ya baba yake. Desturi ya upande mmoja ikisema ndiyo na ya pili ikisema hapana, mwenye kuandika ndoa kwenye biro ya komini atafuata ipi? Mimi naona hapo sheria imeacha mlango bila komeo.

Tazameni hata maneno ya kinywa chetu. Mdogo wa baba tunamwita baba mdogo, na dada ya mama ni mama mdogo au mama mkubwa. Mtoto wao basi ni nani? Ni ndugu yako tu, hakuna jina lingine, na kumwoa ni kumwoa dada. Lakini kaka ya mama ni mjomba, na dada ya baba ni shangazi. Jina limebadilika, na mahali pengi ndoa nayo imebadilika pamoja na jina. Wanyarwanda wa kale walifanya hivyo: mtoto wa baba mdogo ni ndugu wa kabisa, lakini mtoto wa shangazi au wa mjomba ni mubyara, na ndoa ya babyara ilikubaliwa. Kwa kuhesabu damu, mtoto wa baba mdogo na mtoto wa shangazi wako sawasawa, hakuna aliye karibu kuliko mwenzake. Jina ndilo lililowatenga.

Nendeni pwani, Mombasa ama Unguja, mtakuta kinyume chake. Kule neno ni binamu, lililotoka kwa Waarabu, na maana yake ya kwanza ni mtoto wa baba mdogo au baba mkubwa. Huyo ambaye kwetu ni ndugu, kule jamaa nyingi zinamwona mchumba mzuri, kwa sababu anajulikana na mali inabaki nyumbani. Kurani, katika sura ya nne, inahesabu wanawake ambao mtu hawezi kuwaoa: mama, binti, dada, shangazi, na wengine, hata dada wa kunyonya ziwa moja. Binamu hamo. Basi mtoto wa jirani aliyenyonyeshwa na mama yako ni haramu kwako, na mtoto wa baba yako mdogo ni halali. Halafu nendeni Buganda. Huko mtu wa ukoo wako, mwenye mwiko mmoja na wewe, hamuoani hata kama mnatoka mbali na hakuna anayejua babu aliyewaunganisha. Na ukoo wa mama yako nao vilevile umefungwa.

Kenya walijaribu kuweka hayo yote katika karatasi moja. Sheria yao ya ndoa ya 2014 inakataza binamu kuoana, kisha inasema katazo hilo haliwahusu Waislamu. Kwa hiyo katika njia moja ya Mombasa, nyumba hii binamu wanaoana na serikali inawaandika, nyumba ya pili Wakristo wawili wenye undugu uleule wanarudishwa. Na wakivuka mpaka wa Lunga Lunga kuingia Tanzania, wataikuta sheria ya ndoa ya 1971, yenye kuwataja mzazi, mtoto, tate, mjukuu, kaka, dada, shangazi, mjomba na mpwa, bila kumtaja binamu. Je, dhambi ilibaki kwenye barizi ya mpaka?

Wazungu hawatushindi. Uingereza inaruhusu binamu tangu wakati wa mfalme Henry VIII. Huyo Henry alioa mjane wa kaka yake mwaka 1509 kwa ruhusa ya Papa. Alipomchoka akakumbuka ghafula kwamba kitabu cha Walawi kinakataza bibi ya ndugu, na mwaka 1533 ndoa ikavunjwa. (Wako waume wanaofungua Biblia siku ile tu wanapotaka kutoka mlangoni.) Nchi yake ilikaa mpaka 1907 ikikataza mtu kuoa dada ya bibi yake aliyefariki, na mpaka 1921 ikikataza kuoa mjane wa ndugu, jambo ambalo mababu zetu wengi waliliona kuwa wajibu na huruma. Katika Amerika kila jimbo lina lake: Tennessee imewakataza binamu wa kwanza mwaka 2024, na Arizona inawaruhusu wakiwa wote wawili wamefika miaka 65, au mmoja wao akionyesha kwamba hawezi kuzaa. Norway nayo imepitisha katazo mwaka 2024. Kanisa la Roma zamani lilikataza mpaka daraja la saba. Mkutano wa Lateran wa mwaka 1215 ukapunguza mpaka la nne.

Mtu atasema: hizo ni sheria za wanadamu, sisi tuna Biblia. Vema, tuifungue bila woga. Ibrahimu anasema Sara ni binti ya baba yake, si ya mama yake. Yakobo alioa Lea na Raheli, dada wawili, mabinti wa mjomba wake. Amramu, baba ya Musa, alimwoa Yokebedi, shangazi yake mwenyewe. Na katika torati iliyoletwa kwa mkono wa Musa, shangazi ni marufuku na dada wawili pamoja ni marufuku. Mabinti wa Selofehadi, mwishoni mwa kitabu cha Hesabu, waliolewa na watoto wa baba zao wadogo ili shamba lisihame kabila. Walawi inakataza bibi ya ndugu. Kumbukumbu la Torati inaamuru ndugu amchukue mjane asiyeachiwa mtoto. Mwenye kusema mstari ulichorwa mara moja tangu Edeni hajasoma kurasa hizi.

Je, hapo tuseme hakuna mema wala mabaya, ni mazoea tu, kila mtu na mpaka wake? Wako vijana wenye masomo wanaosema hivyo. Mimi sikubali, na nitaeleza.

Ukitazama vizuri, mabishano yote hayo yako ukingoni: binamu, mjane, dada ya bibi. Katikati watu hawabishani sana. Mzazi na mtoto wake: ni vigumu kupata taifa lililoruhusu. Kaka na dada: Misri ya kale walioana, na wafalme wachache wa hapa na pale, na inatajwa kama ajabu kwa sababu ni ajabu. Mto unaweza kuhamisha ukingo wake kila masika na bado ukawa mto.

Nini kiko katikati basi? Wengi hujibu damu, kwamba watoto watazaliwa wagonjwa. Kuna ukweli ndani yake. Kwa watu wasio ndugu, watoto wenye kasoro kubwa ya kuzaliwa ni kama 2 au 3 kwa kila 100. Kwa binamu wa kwanza ni kama 4 mpaka 6. Inaongezeka, lakini watoto walio wengi wanazaliwa wazima. Linganisheni na ugonjwa wa chembe mundu, ule wa SS tunaoujua. Katika sehemu nyingi za Kongo mtu kama mmoja kwa kila watano anabeba nusu yake bila kuugua. Wawili wa AS wakioana, hata kama hawana undugu wowote, kila mimba ina nafasi moja kwa nne ya kuzaa mtoto wa SS. Sheria haiwakatazi, tunawashauri wapimwe tu. Kama damu ndiyo ingekuwa sababu yote, tungewakataza hao kwanza. Tena tungemruhusu mwanamume kumchukua binti wa kambo aliyemlea, maana hawana damu moja. Nani kati yetu atakubali hilo?

Kwa hiyo sababu ni nyingine, nayo ni nyumba. Mtoto anahitaji mahali ambapo anaweza kuoga, kulala, kuugua na kulia, na watu wazima wa hapo wasimtazame kama mchumba, si leo, si akiwa mkubwa. Baba, mjomba, kaka mkubwa wamepewa nguvu juu yake kwa sharti hilo. Akilivunja, binti hana pa kukimbilia, maana pale pa kukimbilia ndipo alipoumizwa. Tamari, binti ya Daudi, aliitwa kupika chakula cha kaka yake aliyejifanya mgonjwa. Alikwenda kwa sababu alikuwa kaka. Desturi zinazotenga watu mbali zaidi ya hapo ni ua uliojengwa mbele ya nyumba. Mmoja amejenga ua mpana, mwingine mwembamba, kwa kadiri watu wake wanavyokaa na kurithi. Ua unastahili heshima, lakini ua si nyumba.

Nikirudi kwa wale vijana wawili: hawakulelewa pamoja, hakuna aliyekuwa na nguvu juu ya mwenzake, hawakujua. Kwangu mimi wako kwenye ua. Wazee wa pande mbili waketi, waseme wazi desturi zao, na vijana wapimwe damu hospitalini. Desturi moja ikikataza kabisa, ndoa isiandikwe kwa uongo wa kuficha majina ya matate. Lakini asisimame mtu kanisani kuwaita wachafu, maana neno hilo lina watu wake.

Na watu wake tunawajua. Ni yule baba wa kambo ambaye kila mtu wa avenyu anamjua. Yule mjomba aliyepokea yatima wa vita. Jamaa zinaketi usiku, mbuzi anatolewa, binti anapelekwa kwa tate wake kijijini, na Jumapili mwanamume yuko benchi la mbele. Hiyo wanaiita kupatana. Sheria za tarehe 20 Julai 2006 haziiiti hivyo. Ubakaji ni kifungo cha miaka 5 mpaka 20, na aliye chini ya miaka 18 hawezi kusemwa alikubali. Tena adhabu ya chini inaongezwa mara mbili ikiwa mwenye kosa ni mzazi au mtu mwenye mamlaka juu ya mtoto, na katika hesabu hiyo wamo walimu, na wamo watumishi wa dini walioitumia nafasi yao vibaya. Paulo aliwakemea Wakorintho kwa sababu mtu alikuwa na mke wa baba yake, na zaidi kwa sababu kanisa lote lilijua na likaendelea kujivuna.

Kunabaki mtoto anayezaliwa, iwe na wale wawili waliopendana bila kujua, iwe na yule binti aliyefanyiwa ubaya. Ufaransa mpaka leo, mtoto wa kaka na dada hawezi kuandikwa kwa wazazi wote wawili. Mmoja lazima afutwe. Sheria yetu ya jamaa ilichagua njia nyingine. Inasema kila mtoto Mkongomani lazima awe na baba, na hakuna mwenye haki ya kumkana mtoto wake, awe amezaliwa ndani ya ndoa au nje. Mama akifika na mtoto wa namna hiyo kuomba abarikiwe na jina lake liandikwe kwenye kitabu cha kanisa, katibu ajaze mistari yote, ule wa baba pia.