Chungu cha Yeremia na Picha ya Mwezini

Andiko: Yeremia 32:6-15



Kabla hujaendelea, fungua Biblia yako usome andiko hilo lote. Waliokuwa ibadani wanajua tulikaa pale kwa muda. Hapa nimefupisha, ila habari ya mwezi nimeiacha kwa sababu wengi mlinifuata nje kuiuliza.

Januari 8, 2024, roketi iliondoka Florida, Marekani, ikibeba chombo cha kutua mwezini kiitwacho Peregrine. Ndani yake kulikuwa na vitu vya watu wa kawaida kabisa: picha za familia, barua, vikumbusho vidogo vya kutoshea kiganjani. Watu walilipa mamia ya dola ili vitu hivyo vikae mwezini. Wengine walituma hata majivu ya wapendwa wao.

Usicheke. Na usiseme hayo ni ya Wazungu, maana hapa hapa pwani kwetu, karibu na Malindi, satelaiti ya Uhuru ilirushwa Desemba 12, 1970. Mtu anayetuma picha ya mama yake mwezini ana njaa, na njaa hiyo wewe pia unaijua. Anaogopa kusahaulika. Ameona nyumba zikibomoka, simu ikiibiwa na picha zote, mchwa akimaliza sanduku la baba. (Mchwa wa Voi mnamjua, hana heshima hata kwa cheti cha ndoa.) Basi anatafuta mahali ambapo mchwa hafiki.

Vitu hivyo havikufika. Saa chache baada ya kurushwa, chombo kilianza kuvuja mafuta, na Januari 18 kikaungua juu ya bahari ya Pasifiki ya Kusini. Barua, picha, majivu, vyote. Sisemi Mungu aliwaadhibu. Mafuta yalivuja, basi.

Lakini kuna picha moja iliyofika. Aprili 1972 Charles Duke, mwanaanga wa Apollo 16, aliweka mchangani mwezini picha yake, mkewe Dotty na wavulana wao wawili. Aliifunga kwa plastiki akaiacha pale. Huko mchana joto hupita nyuzi 100, na usiku baridi hushuka zaidi ya nyuzi 100 chini ya sifuri. Sasa sikiliza. Duke mwenyewe, baada ya kuokoka mwaka 1978, ameshuhudia mara nyingi kwamba miaka ile ndoa yake ilikuwa karibu kuvunjika, na alikuwa baba mkali kwa watoto. Picha ya familia iko mwezini inatabasamu, na familia yenyewe iko nyumbani inalia! Dotty ndiye aliyempokea Yesu kwanza, naye akafuata baadaye, na Mungu akaiponya nyumba hiyo. Mwambie jirani yako: picha si familia.

Haya, turudi kwa Yeremia. Yerusalemu imezingirwa na jeshi la Babeli. Nabii amefungwa katika ua wa walinzi kwa amri ya Mfalme Sedekia. Ndipo Hanameli, mtoto wa ami yake, anakuja kumwambia anunue shamba lake la Anathothi. Shamba liko wapi? Huko huko adui anakopita. Ni kama mtu akuuzie shamba ndovu wakiwa bado wamesimama ndani. Na Yeremia ananunua! Anapima shekeli 17 za fedha, anaita mashahidi, anatia muhuri. Hati ni mbili, moja imefungwa na moja iko wazi. Kisha anamwagiza Baruku, mbele ya watu wote, azitie katika chombo cha udongo zipate kudumu siku nyingi, kwa maana Bwana amesema watu watanunua tena nyumba na mashamba katika nchi ile.

Sasa kumbuka Yeremia alikatazwa kuoa. Soma sura ya 16. Hana mtoto wa kumwachia shamba, na mwisho wake alichukuliwa hadi Misri. Chungu kile hakikuwa cha kuhifadhi jina lake. Kilikuwa cha watoto wa watu wengine, watakaorudi wakiuliza, "Kwetu ni wapi?"

Hapo ndipo neno linatugusa sisi wa Taita Taveta. Zaidi ya nusu ya kaunti yetu ni mbuga ya Tsavo. Ongeza mashamba ya mkonge na ranchi, uone mwananchi amebaki na nini. Familia nyingi hapa zinaishi mahali babu alipofyeka, na hatimiliki hazina. Mpaka ni jiwe, ni mbuyu, ni mkondo wa maji uliokauka, na anayeujua ni mzee mmoja wa miaka themanini. Nimekaa na ndugu wa tumbo moja, wote wameokoka, wote wanaimba kwaya, hawasalimiani kwa sababu ya hatua kumi za ardhi. Kila mmoja ana mpaka wake kichwani. Baba aliyeujua amelala, na hakuna aliyemwuliza.

Wazee wetu wa zamani katika vilima vya Taita waliweka mafuvu ya wahenga mapangoni. Sisi tumetoka huko kwa damu ya Yesu, haturudi. Lakini tuwape haki yao: waliweka kumbukumbu mahali ambapo kijana angeweza kuonyeshwa kwa kidole. Sisi tuliookoka tumeweka wapi?

Wewe mwenye hofu ya kusahaulika, Yesu aliwaambia wanafunzi wafurahi kwa kuwa majina yao yameandikwa mbinguni (Luka 10:20). Kama lako limeandikwa huko, hilo limekwisha, huna la kuhangaikia tena. Kama halijaandikwa, usisubiri Jumapili, njoo tuombe leo. Na ukishakuwa na uhakika huo, mikono yako iko huru kuandika kwa ajili ya mtoto wa mwenzako, kama Yeremia.

Kwa hiyo Jumamosi hii saa nne asubuhi tunakutana kanisani, wazee na vijana pamoja. Kila nyumba ije na daftari. Mzee atasema, kijana ataandika: majina ya babu na bibi, waliingiaje hapo, mipaka, majirani waliokuwepo. Majirani hao pia waitwe, hata wasio washirika wetu, wawe mashahidi. Hati asili zibaki nyumbani, leteni nakala tu. Tutaandika mara mbili, moja ya kufungwa na moja ya kusomwa mbele ya watoto. Wale ndugu wawili wa kwaya, nawaomba mje na mama yenu. Yeye bado yuko, na anakumbuka. Wazee wanaoshuka kutoka Sagalla, vijana watawangoja stejini.