Nishati Iliyotulia

Ndani ya kapasita ya pangaboi mna utando mwembamba wa polipropileni, uliopakwa chembe za alumini au zinki na kuviringishwa mara nyingi. Plastiki hiyo haipitishi umeme. Hata hivyo fundi wa Mlali, kwenye njia ya Mgeta chini ya Milima ya Uluguru, akishaichomoa kapasita huigusanisha kwanza miguu yake kwa bisibisi. Hakuna mkondo, hakuna kinachozunguka, na bado inaweza kumpiga shoti. Je, nishati isiyotenda ipo kweli, au ni jina tu la jambo linaloweza kutokea?

Wanafalsafa wa Megara, huko Ugiriki ya kale, walishikilia kwamba kitu kina uwezo pale tu kinapotenda: mwashi akiweka mwiko chini, uashi umemtoka. Aristotle aliwapinga kwa swali zito: kama umemtoka, anaupata vipi tena anaporudi kazini?

Kapasita inamuunga mkono Aristotle, tena kwa kipimo. Ile ya mikrofaradi 2.5, ikijazwa hadi volti 325, kilele cha umeme wa nyumbani, hubeba takriban jouli 0.13, za kutosha kuinua kilo moja kwa sentimita moja na ushei. Ni kidogo mno, ila si sifuri.

Nishati hiyo iko wapi? Mwaka 1865 James Clerk Maxwell aliiweka katika uga wa umeme wenyewe, yaani kati ya metali na metali. Huko elektroni za plastiki husogezwa kidogo tu kutoka mahali pake, zikabaki zimevutwa. Kinachokataa kupitisha ndicho kinachotunza.

Padri Placide Tempels, Mbelgiji aliyehudumu Katanga, alienda mbali zaidi: mwaka 1945 alidai kwamba kwa Wabantu kuwapo ni nguvu yenyewe. Alikosolewa, na kwa haki, kwa kufunga watu wengi mno katika kauli moja. Kapasita nayo inaonyesha upande alioupa uzito mdogo: nguvu hutegemea mwili unaoibeba. Uga ukizidi volti mia kadhaa kwa kila mikromita, utando hutoboka; cheche hugeuza metali inayozunguka tundu kuwa mvuke, na sehemu iliyobaki huendelea kufanya kazi. Kila tundu hupunguza uwezo wa kapasita kutunza nishati. Baada ya miaka pangaboi huzunguka kichovu, ingawa volti za ukutani ni zilezile, na fundi hubadilisha kapasita peke yake.