Umbali wa Msanii: Ippolito Caffi na Suala la Ushahidi

Upo mtazamo uliozoeleka katika uhakiki wetu kwamba msanii aliyeteseka kwa ajili ya nchi yake amekwisha kuihalalisha kazi yake. Akifungwa, akihamishwa au akiuawa, mhakiki huiweka kalamu chini na kusifu. Katika makala haya tunakusudia kuuchunguza mtazamo huo kwa kurejelea maisha ya Ippolito Caffi, Mwitalia aliyekuwa mchoraji wa mandhari na mzalendo kwa wakati mmoja. Tumemchagua mchoraji, wala si mwandishi, kwa kuwa sanaa yake inalidhihirisha tatizo hili waziwazi: mandhari hayachoreki bila umbali, ilhali uzalendo hudai ukaribu.

Caffi alizaliwa Belluno, kaskazini mwa Italia, mwaka 1809. Alisomea Venice, kisha akajipatia sifa Roma. Picha iliyompa umaarufu ilionyesha jioni ya mwisho ya kanivali ya Roma, ambapo umati ulijaa barabarani ukiwa na mishumaa, kila mtu akijaribu kuuzima wa mwenzake. Wanunuzi waliipenda hata akairudia mara nyingi. Mwaka 1848, miji ya kaskazini ilipouasi utawala wa Austria, aliondoka Roma akaenda kupigana. Alitekwa, akatoroka, akaingia Venice, iliyokuwa imejitangaza jamhuri chini ya Daniele Manin na ambayo ilisalimu amri Agosti 1849 baada ya kuzingirwa. Miongoni mwa picha zake za mazingiwa hayo imo ile ya Marghera, ngome ya mji huo, ikipigwa mizinga usiku wa Mei 1849.

Picha hiyo inapendeza, na hapo ndipo penye utata. Jicho lililoiona mishumaa ya kanivali ndilo lililoyaona makombora. Katika umbali ule, sura ya anayeuawa haionekani. Kinachoonekana ni mwanga. Je, msanii ana haki ya kuupamba mwanga unaoua?

Yamkini msomaji atajibu kwamba Caffi alikuwa nayo, kwa sababu naye alikuwa katika mji uliokuwa ukishambuliwa. Jibu hili lina uzito. Hakujipatia uzuri kutokana na mateso ya wengine huku mwenyewe akiwa salama. Hata hivyo, haki ya kusema ni kitu kimoja na ukweli wa kinachosemwa ni kingine. Lau picha hiyo hiyo ingalichorwa na msafiri asiye na upande, rangi zake zisingalibadilika hata kidogo. Hatari aliyoishiriki mchoraji yatueleza juu ya mchoraji. Juu ya picha haituelezi lolote.

Mwisho wa Caffi unalikaza swali hili. Italia ilipoingia vitani tena dhidi ya Austria mwaka 1866, alipanda manowari Re d'Italia ili avichore vita vya baharini. Tarehe 20 Julai, karibu na kisiwa cha Lissa katika Bahari ya Adriatiki, manowari hiyo ilipigwa kumbo ubavuni na manowari ya Austria, ikazama kwa dakika chache. Mamia ya mabaharia walikufa, na Caffi pamoja nao. Safari hii umbali ulikuwa umetoweka kabisa, na picha ikatoweka pamoja nao. Italia ilishindwa baharini, lakini Oktoba mwaka huo Venice ilijiunga nayo, na mchoraji wake hakuwapo kuiona siku hiyo.

Si nia yetu kumlaumu. Aliyekuwa tayari kufa pamoja na watu aliotaka kuwachora anastahili heshima. Lakini mabaharia wale walihitaji shahidi, na shahidi hana budi kubaki hai. Kwa hiyo tunashikilia kwamba umbali si usaliti. Ni sharti la ushahidi, nao huwa deni kwa anayeutumia. Deni hilo halilipwi kwa kifo cha msanii. Hulipwa ndani ya kazi yenyewe, pale inapokataa kumwacha anayeuawa apotelee katika uzuri wa mwanga.

Mhakiki naye ana deni lake. Amheshimu msanii kwa aliyoyatenda, kisha airudie kazi na kuiuliza maswali yale yale ambayo angaliiuliza kazi ya mtu asiyewahi kuteseka.