MTOTO ASIYEKAA: NANI AMEMFANYA?



Hapa kwetu mtoto akifika mwaka hajakaa, shingo imelegea na miguu imekakamaa, swali la kwanza nyumbani si "ana ugonjwa gani?" Ni "nani amemfanya?" Wengine wanataja ulozi, wengine zinaa ya mama. Halafu baba anahama nyumba.

Waganga wa hospitali wanaiita hali hiyo utindio wa ubongo. Ubongo uliumia ungali unakua: mara nyingi tumboni, pengine wakati wa kuzaliwa, au baadaye. Mwaka 1861 mganga wa London, William Little, aliihusisha na uzazi mgumu na mtoto kukosa pumzi. Mwaka 1897 Sigmund Freud akafikiri kwamba pengine uzazi mgumu wenyewe ni dalili ya jambo lililoanza tumboni. Utafiti wa Iganga na Mayuge, Uganda, uliotolewa 2017, ulikuta karibu watoto 3 katika kila 1000, na kwa robo hivi ubongo uliumia baada ya mwezi wa kwanza wa maisha. Malaria inayopanda kichwani inaweza kufanya hivyo. Manjano kali ya mtoto mchanga pia: mtazameni macho, ufizi na nyayo, na akiwa wa manjano siku ileile ya kuzaliwa, msingoje kesho.

Atakuja mtu aseme: Imamu, kutafuta sababu si kukataa kadari? Kumbukeni mwaka wa 10 wa Hijra. Ibrahim, mwana mchanga wa Mtume (s.a.w.), alifariki, na jua likapatwa siku hiyo. Watu wakaunganisha mambo hayo mawili. Kuwaacha waamini hivyo kungempa Mtume heshima kubwa, naye alikuwa katika msiba; lakini aliwakatalia hadharani. Kama hakuikubali sababu ya uongo iliyompamba, sisi tunaikubalije ile inayomvunja mama mwenye mtoto mgongoni? Hata Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 41, inakataza kumsingizia mtoto ulozi.

Lakini elimu nayo yaweza kugeuzwa fimbo. Nawasikia tayari: "Kumbe ni wewe, ulichelewa hospitali." Alichelewa kwa nini? Uchungu ulimshika usiku, Kisale imezibwa na mafunjo, mtumbwi ni wa jirani, mota haina mafuta, na mume alikuwa kambi ya uvuvi. Katika hayo, lipi lilikuwa mkononi mwake? Kuokoa nafsi ni faradhi ya kutosheleza: asiposimama hata mmoja, dhambi ni yetu sote, pamoja na sisi tuliokuwa tumelala.

Basi wenye mota wabaki kidogo baada ya swala leo, tupange zamu za usiku na nani atoe mafuta.